Ngozi, Wino na Nia

Wanaolinganisha dini mara nyingi huanzia juu: Mungu ni nani, mtume ni yupi, baada ya kifo kuna nini. Ni maswali makubwa, na watu wamebishana juu yake karne nyingi bila kuchoka. Mimi huvutwa zaidi na meza ya fundi. Nataka kujua ni nani anayekiandika kitabu kitakatifu, anaketi vipi, anaichonga kalamu yake kwa namna gani, na anafanya nini mkono unapoteleza. Kila dini yenye andiko imelazimika kuyajibu hayo, na majibu yake yamo katika kazi. Ukiitazama kazi hiyo kwa makini utajua waumini wanaogopa nini, wanapenda nini, na ni kitu gani hawako tayari kukiacha kipotee.

Nitamfuata hasa fundi mmoja, mwandishi wa Torati, ambaye Wayahudi humwita sofer. Kazi yake imezungukwa na kanuni nyingi kuliko kazi yoyote ya kalamu ninayoijua, na bado inafanywa leo, Yerusalemu na New York, kwa namna ambayo mwandishi wa miaka elfu iliyopita angeitambua mara moja. Wengine watakuja kando yake pale ambapo kazi zao zinakutana au zinaachana.

Kazi yake huanza na ngozi. Ni lazima iwe ya mnyama ambaye sheria ya Kiyahudi inaruhusu aliwe, na mara nyingi ni ya ndama. Ngozi hulowekwa katika maji ya chokaa mpaka manyoya yalegee, huoshwa, kisha huwambwa kwa kamba kwenye fremu ya mbao na kukwanguliwa ikiwa imekazwa hivyo hivyo. Ikikauka katika mkazo ule, nyuzi zake hulala upande mmoja, nayo huwa nyeupe, kavu na nyororo, tofauti kabisa na ngozi ya viatu. Lakini kabla haijaingia kwenye chokaa, mtengenezaji hutamka kwamba anaifanya kwa ajili ya utakatifu wa gombo la Torati. Asiponuia, ngozi ile ile, kwa uzuri ule ule, haifai kuandikiwa Torati. Msomaji aliyezoea kutia nia kabla ya saumu au kabla ya udhu hahitaji kuelezwa zaidi. Kazi imeanza moyoni kabla kisu hakijashikwa.

Fundi wa Ethiopia naye huwamba ngozi, mara nyingi ya mbuzi, akaikwangua na kuisugua kwa jiwe mpaka uso wake uwe sawa. Kanisa la Orthodoksi la huko limekuwa likiandika vitabu vyake kwa lugha ya Ge'ez kwenye ngozi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, zimehifadhiwa Injili ambazo vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya mwaka 330 na 650. Hebu fikiria ngozi ya mnyama, iliyokaa milimani karne zote hizo, ikapita vita, moshi na mikono ya wasomaji, na picha za wainjilisti zikiwa bado na rangi. Fundi aliyeikwangua alijua alichokuwa akikifanya.

Waislamu pia waliandika kwenye ngozi katika karne za mwanzo, kisha wakahamia kwenye karatasi bila kuona kwamba kuna jambo limevunjika. Kwao maneno ndiyo yaliyoteremshwa; hakuna amri kwamba yakae juu ya ngozi. Lakini bidii haikupungua, ilihamia tu kwenye kuiandaa karatasi. Mafundi wa Istanbul waliipaka karatasi ute wa yai uliochanganywa na shabu, wakaianika, wakaipiga msasa kwa jiwe la akiki hadi ing'ae, kisha wakaiweka kando ipumzike, mwaka mzima au zaidi, kabla ya kuiandika. Karatasi ya namna hiyo hainywi wino. Wino hukaa juu yake, kalamu huteleza bila kukwama, na kosa huweza kufutwa kwa ncha ya kidole iliyoloweshwa wakati bado ni bichi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 waliandika misahafu yao kwenye karatasi iliyoletwa na majahazi kutoka ng'ambo, wakazipamba kurasa zake kwa nyeusi, nyekundu na manjano, kwa nakshi zinazotambulikana kuwa ni za huko huko. Karatasi ilitengenezwa na watu wa dini nyingine, na hilo halikuuharibu msahafu hata kidogo. Mwandishi wa Torati asingeweza kulikubali.

Baada ya ngozi ni wino. Wino wa Torati hutoka kwenye vinundu vinavyoota katika matawi ya mwaloni pale nyigu mdogo anapotaga mayai yake. Vinundu hivi ni vigumu, na vimejaa tanini, ule ukali unaopatikana pia katika magome ya kutengenezea ngozi. Fundi huviponda, huvichemsha, huchuja maji yake, kisha huongeza gundi ya mgunga na chumvi ya chuma yenye rangi ya kijani. Gundi ndiyo inayoufanya wino uing'ang'anie ngozi na upinde pamoja nayo gombo linapokunjwa. Chuma kikikutana na tanini, huzaliwa weusi. Wino huu ukitoka kwenye kalamu huwa umefifia, na huzidi kukolea kadiri hewa inavyoupiga, hata mwandishi hukiona kile alichokiandika kikiendelea kuiva mbele yake.

Chumvi hiyo ya madini ina historia. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, inamkumbuka Rabi Meir wa karne ya 2, ambaye uandishi ulikuwa ndiyo kazi yake ya kumpa riziki. Mwalimu wake, Rabi Ishmaeli, alimwonya awe na hadhari, kwa kuwa akipunguza au akizidisha herufi moja, anaweza kuuangamiza ulimwengu mzima. Meir alikuwa akitia chumvi hiyo katika wino wake ili usifutike. Hapo ndipo mjadala ulipowaka, kwa sababu Torati yenyewe, katika sura ya 5 ya kitabu cha Hesabu, inamtaka kuhani aandike maneno ya kiapo kisha ayaoshe ndani ya maji, na mwanamke anayeshukiwa na mumewe ayanywe maji hayo. Maneno yale lazima yafutike. Basi wino wa andiko takatifu uwe wa kudumu au wa kuoshwa? Marabi walilijadili swali hilo kwa uzito wote, na hadi leo aliyejifunza kazi hii anajua kwa nini chombo chake kina kile kilichomo.

Mtu wa pwani yetu akisikia habari ya maandishi yanayooshwa na kunywewa, atalikumbuka kombe. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikamiminiwa maji au marashi ya mawaridi, na mgonjwa akanywa. Wako masheikh wanaolikubali na wako wanaolipinga, nami siingii katika hukumu yao. Ninachotazama ni kazi: mwandishi wa kombe huchagua wino utakaoachia kwa urahisi, usiodhuru tumbo, na anaandika herufi safi akijua kwamba baada ya dakika chache hazitakuwapo. Chuoni vilevile, watoto wa vizazi vingi walijifunzia kwenye ubao, wakaandika somo la leo, wakalihifadhi, wakauosha ubao ili kupisha la kesho. Kule kufuta ni sehemu ya kusoma. Aya haipotei, kwa sababu imekwisha kuhamia kifuani.

Wino mweusi wa waandishi wa Kiislamu kwa kawaida ni wa masizi na gundi. Pale Istanbul, Msikiti wa Süleymaniye uliojengwa na msanifu Sinan katika miaka ya 1550 ulipangwa ili hewa ya ndani iuvute moshi wa mamia ya taa hadi kwenye chumba kilicho juu ya mlango mkuu. Masizi yalikusanywa humo na kufanywa wino. Moshi wa taa zilizowamulikia wanaoswali ukarudi kuwa maandishi. Sijui msanifu mwingine aliyeipangia taka ya jengo lake kazi ya heshima kiasi hicho. Waethiopia nao huchanganya masizi na nafaka iliyounguzwa na majani, wakauacha mchanganyiko uchachuke kwa miezi, kisha wakauhifadhi katika pembe ya mnyama inayochomekwa ardhini karibu na mguu wa mwandishi.

Kalamu ya Torati, kwa Wayahudi wa asili ya Ulaya, ni unyoya wa bata bukini au bata mzinga. Wale wa Yemeni na nchi nyingine za Mashariki walitumia tete, kama jirani zao Waislamu, na umbo la herufi zao linaonyesha hivyo. Ncha hukatwa mshazari kwa kisu kikali, kisha hupasuliwa katikati ili wino ushuke polepole. Ubavu mpana wa ncha hutoa mstari mnene, na ukingo wake hutoa mstari mwembamba kama unywele. Mwandishi wa Kiarabu hulilaza tete lake kwenye kibao kidogo cha mfupa au pembe ya ndovu chenye mfuo, akabonyeza kisu mara moja, na mlio wa kukatika humwambia kama ncha imetoka vizuri. Pembe ya mkato ule ndiyo itakayoamua hati nzima. Yaqut al-Musta'simi, aliyefariki Baghdad mwaka 1298, anakumbukwa hasa kwa kuuinamisha mkato huo zaidi kuliko waliomtangulia, na kwa jambo dogo kama hilo hati za baada yake zikabadilika.

Kisha ni mistari. Mwandishi wa Torati hupima, hutoboa alama pembeni mwa ngozi, na huchora mistari kwa chuma butu bila wino wowote, hivi kwamba unaiona tu ukiiinamishia ngozi mwangani. Bila mistari hiyo gombo halifai. Mpangilio unaotumika sana leo ni wa mistari 42 katika kila safu na safu 245 kwa gombo zima. Herufi za Kiebrania hazikai juu ya mstari. Zinaning'inia chini yake. Mwethiopia naye hutoboa na kukwaruza. Mwislamu alikuwa na njia ya werevu zaidi: ubao wenye nyuzi zilizokazwa, ambao huwekwa chini ya karatasi, kidole kikapitishwa juu yake, na ukurasa mzima ukawa na mifuo iliyo sawasawa kwa pumzi moja.

Sasa mwandishi anaandika. Mbele yake kuna nakala sahihi, na lazima aitazame. Hata awe ameihifadhi Torati yote, haruhusiwi kuandika kutoka kichwani. Huangalia neno, hulitamka kwa sauti, ndipo huliandika. Macho, kinywa na mkono vinashuhudiana. Herufi zote ni 304,805, na kila moja lazima izungukwe na ngozi tupu pande zote: herufi mbili zikigusana, hata kwa uzi wa wino, gombo halisomeki mpaka lirekebishwe. Herufi saba kati ya ishirini na mbili huvikwa taji la vijistari vitatu vyembamba, ambavyo mwandishi huvipandisha kwa ukingo wa unyoya, karibu bila kugusa. Wimbo wa Musa baada ya kuvuka bahari hupangwa kwa namna yake, maneno na nafasi tupu zikipishana mstari hadi mstari kama matofali ukutani. Hakuna irabu, hakuna nukta, hakuna alama ya sauti. Atakayesoma sinagogi lazima awe amejifunza hayo yote nje ya gombo, kwa mdomo wa mwalimu.

Hapa msahafu unakwenda njia nyingine. Maandishi ya mwanzo kabisa hayakuwa na irabu, lakini Uislamu ulipoenea kwa watu ambao Kiarabu si lugha ya mama zao, waandishi wakaanza kutia nukta za rangi, kisha alama tunazozijua, ili mtu wa Basra na wa Lamu asikosee usomaji. Na hati yenyewe ikapewa kipimo. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliifanya nukta ya kalamu kuwa rula: bonyeza tete mara moja upate nukta ya pembe nne, na kwa nukta hizo upime urefu wa alifu, kisha kwa alifu upime mduara wa herufi nyingine. Mwanafunzi wa hati huweza kukaa miezi na herufi chache tu, mwalimu akimrudishia karatasi yenye nukta nyekundu za masahihisho, mpaka siku atakapopewa ijaza ya kuitia sahihi kazi yake mwenyewe. Matunda ya mafunzo hayo yamo majumbani mwetu. Msahafu wa Madina ambao Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanausoma umeandikwa kwa mkono wa Uthman Taha, mzaliwa wa Syria, kabla ya kupigwa chapa. Una kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa, na kila ukurasa humalizikia mwisho wa aya. Kuyafanikisha hayo bila kubana wala kutawanya herufi ni kazi ya akili kubwa, na anayehifadhi huifaidi kila siku, maana huukumbuka ukurasa kwa sura yake.

Mwandishi wa Torati akikaribia Jina la Mungu, mwendo hubadilika. Haiingizi kalamu katika wino kisha akaanza moja kwa moja na Jina, kwa kuwa tone la ziada linaweza kuangukia hapo. Huacha herufi moja iliyotangulia bila kuandikwa, huchovya, huiandika hiyo kwanza, na mkono ukishatulia huingia kwenye Jina. Kabla ya hapo hutamka kwamba anaandika kwa utakatifu wa Jina. Wengine huoga kwanza katika birika la utakaso, na wako wanaoziacha nafasi za Jina tupu katika safu nzima ili wazijaze baada ya kuoga. Akishaanza hasimami: sheria inasema hata mfalme wa Israeli akimsalimu, asimjibu. Mwethiopia huliweka kando tete la wino mweusi na kulishika la wino mwekundu, kwa kuwa majina ya Mungu na ya Bikira Maria huandikwa kwa wekundu. Misahafu mingine ya chapa pia hulionyesha jina la Allah kwa rangi hiyo. Mafundi hawa hawakukaa pamoja wakakubaliana. Kila mmoja amehisi kwamba mahali hapa mkono hauwezi kupita kama unavyopita kwingine.

Na makosa? Kosa la kawaida katika Torati hukwanguliwa kwa kisu au kipande cha kioo, uso wa ngozi ukalainishwa, neno likaandikwa upya. Lakini Jina halikwanguliwi kamwe. Akilikosea, au akiliandika mahali pasipo pake, kipande chote cha ngozi, chenye safu tatu, nne au zaidi, huwekwa kando ili kizikwe, hata kama ni kazi ya wiki nyingi. Kuna pia kanuni nyingine ambayo naiona nzuri kupita zote: herufi haiwezi kupatikana kwa kukwangua. Wino ukidondoka ukaziba uwazi wa herufi, huwezi kuuchonga ule weusi mpaka umbo sahihi libaki. Lazima uiondoe na uiandike tena. Herufi izaliwe kwa kuandikwa, kwa mkono uliokusudia kuiandika.

Ikitokea shaka, herufi imefupika kidogo na haijulikani kama ni hii au ile, huitwa mtoto. Awe anazijua herufi, lakini asiwe na ufahamu wa kutosha kubahatisha neno kwa maana yake. Huonyeshwa herufi ile, na kile anachokisoma ndicho. Marabi wazima wenye elimu ya miaka hamsini hukaa kimya wakimsubiri. Elimu yao ndiyo inayowaharibia ushahidi: wanajua inapaswa kuwa nini, kwa hiyo hawawezi kuiona ilivyo.

Ipo dini iliyolikabili tatizo la makosa bila wino kabisa. Nyimbo za Rigveda za Wahindu, 1,028 kwa jumla, zilihifadhiwa India kwa vinywa vya Wabrahmani kwa karne na karne kabla ya kuandikwa, na wengi wao waliona kwamba kuandika ndiko kungeliharibu neno. Wakabuni njia za kukariri zinazojisahihisha zenyewe. Kwanza mwanafunzi husoma mfululizo. Kisha husoma neno moja moja, yaliyounganishwa yakiwa yametenganishwa. Halafu huyasuka: la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza na la pili tena. Katika njia ngumu kuliko zote, iitwayo ghana, hufuata la kwanza, la pili, la pili, la kwanza, la kwanza, la pili, la tatu, la tatu, la pili, la kwanza, kisha la kwanza, la pili na la tatu, na hapo husogea hatua moja na kuanza upya. Neno haliwezi kuanguka bila msuko mzima kufumuka. Miongoni mwa Wabrahmani wa Kinambudiri wa Kerala, mwalimu hukishika kichwa cha mvulana kwa mkono na kukiinua, kukiinamisha na kukigeuza kwa kufuata lafudhi ya kila silabi, mpaka shingo yenyewe ijue. Huu nao ni ufundi, na zana zake ni mwili na muda. Anayemjua hafidh aliyekaa miaka chuoni, akirejesha juzuu kila alfajiri, atamtambua ndugu yake.

Wabudha wa Japani huandika pia, kwa brashi, na mara nyingi wanachoandika ni Sutra ya Moyo, fupi kiasi cha kumalizika kwa kikao kimoja. Katika hekalu la Saihō-ji, Kyoto, mgeni huombwa anakili sutra kabla ya kuingia kwenye bustani ya kuvumwani. Thawabu iko katika kunakili, na kadiri nakala zinavyokuwa nyingi ndivyo thawabu inavyoongezeka. Kwa imani hiyo, kupiga chapa hakukuwa tishio. Sutra ya Almasi iliyopatikana Dunhuang, China, ilichapwa kwa vibao vya mbao mwaka 868, kwa gharama ya mtu aitwaye Wang Jie, ili igawiwe bure kwa niaba ya wazazi wake. Myahudi huchapa vitabu vya kujisomea bila wasiwasi, lakini gombo la kusomwa sinagogi kwa kawaida halikubaliwi kutoka kwenye mtambo. Mtambo hauwezi kunuia.

Vipande vya Torati vikikamilika na kukaguliwa, hushonwa pamoja kwa uzi wa kano za mnyama halali, mshono ukipita upande wa nyuma. Gombo hufungwa kwenye nguzo mbili za mbao. Herufi chache za mwisho huachwa zikiwa mistari ya nje tu, ili watu wa jumuiya, mmoja mmoja, wapate fungu la kuzijaza mwandishi akiwa amewashikia mkono. Mwaka mmoja, au zaidi, umekwisha kupita tangu neno la kwanza. Tangu hapo hakuna anayeigusa ngozi kwa kidole kitupu. Msomaji hufuata mstari kwa kijiti chenye mkono mdogo wa fedha. Waabayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, hulibeba gombo kwa heshima hiyo hiyo.

Heshima kwa kitabu kama kiumbe hai imefika mbali zaidi kwa Masingasinga. Msafiri wa barabara ya Mombasa aliyewahi kula chakula cha bure katika gurudwara ya Makindu huenda ameuona utaratibu wenyewe. Guru Granth Sahib, andiko lao lenye kurasa 1,430, imekuwa ndiyo Guru, yaani mwalimu, tangu mwaka 1708. Alfajiri hufunguliwa, mchana hupepewa kwa mpepeo wa manyoya meupe, usiku hufungwa, ikabebwa kichwani na kulazwa kitandani chini ya shuka safi. Wanaofanya hayo kila siku hawakosi hatua hata moja, na nguo zinakunjwa kwa mikunjo ile ile. Nakala ikichakaa, huchomwa kwa ibada, kama Masingasinga wanavyowachoma wafu wao.

Wayahudi huwazika wafu, na gombo lililochakaa huzikwa makaburini. Kabla ya kuzikwa, maandishi huwekwa ghalani. Ghala la sinagogi la Ben Ezra, Cairo, lilijaa kwa karne nyingi hadi msomi Solomon Schechter alipozichukua maelfu ya karatasi zake kwenda Cambridge mwaka 1896 na 1897. Misahafu mikuukuu huzikwa pia, au huchomwa, au huwekwa mahali pasipokanyagwa. Mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakiukarabati Msikiti Mkuu wa Sana'a, Yemeni, walizikuta kurasa za misahafu ya karne za mwanzo juu ya dari.

Gombo la Torati, hata hivyo, halizikwi kwa haraka. Wino ukibanduka, mwandishi hulirudia herufi kwa herufi. Kikichanika kipande kimoja, au ukungu ukikila, hufumuliwa kile peke yake na kutengenezewa mwenzake. Hii ni kazi ngumu kuliko kuanza upya. Mwandishi hutafuta ngozi yenye unene na rangi inayokaribiana na ya zamani, hupima nafasi ya mistari ya mtu aliyefariki labda miaka mia iliyopita, huusoma mkono wake, upana wa unyoya wake, jinsi alivyokuwa akizivuta herufi ili kuujaza mstari. Kisha huandika safu zile nne au tano, akipanua hapa na kubana pale, kwa kuwa neno la kwanza lazima lianzie pale lilipoanzia la zamani, na neno la mwisho limalizikie pale pale, ndipo kipande kinachofuata kiweze kuungana nacho. Akikosea kwa neno moja, hana pa kuliweka. Anakikwangua, anahesabu tena, anarudi kwenye mstari wa kwanza.